Kaseti ya Salamu za Mama Mkwe

Mwaka huo kaseti ya mama mkwe ilichelewa kwisha.

Kilikuwa kitu kidogo, na mwingine asingekigundua, lakini mama Kidoti alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima kwa jicho, na kaseti ile aliijua ilivyo. Kila likizo ya mwisho wa mwaka ilianza vilevile. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alirudi nyumbani, akaoga, akala, akaenda kuifunua redio yake kama bwana harusi anayefunua shela. Redio ile, mama Kidoti alizoea kuwaambia wateja wake, ndiyo mke mkubwa; yeye ni mdogo tu. Ilikuwa na deki ya kaseti mbili, amplifaya nzito kama gunia, na spika za mbao zilizomfika mtu kiunoni. Mtaa mzima ulikuwa umehamia kwenye vispika vya kuunganisha na simu, ambavyo mume aliviita vyura.

"Vinalia tu," alisema huku akisafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti. "Muziki lazima ukusukume kifuani."

Lakini kabla ya muziki wowote ilipigwa kaseti ya salamu. Mama yake aliirekodi zamani, mwaka ambao lori lilimkwamisha mwanawe njiani sikukuu nzima. Bibi yule hakuwa mtu wa barua na simu hakuziamini. Aliketi mbele ya redio akaongea kana kwamba wanawe wako pale, na kwa kuwa alikuwa na adabu zake, kila alipomwita mtu alinyamaza kidogo ampe nafasi ya kuitika. "Jemadari," aliita, maana ndivyo alivyomwita mwanawe. Kimya. "Umekula, baba?" Kimya tena. "Haya, ushibe basi." Kisha akamwita bintiye, ambaye kwake alikuwa Mpole. Alipofariki, wanawe wakaifanya ada. Kaseti ikipigwa, Jemadari alijibu "Naam, mama," na Mpole akajibu "Abee, mama," wakacheka, wakafuta macho, ndipo muziki ukafuata hadi majirani wakaomba nafuu.

Mama Kidoti hakuwahi kuitwa, kwa sababu aliolewa baada ya mazishi. Alikuwa akikaa pembeni na sinia la vikombe, akimsikiliza mtu ambaye hakupata kumwona. Pengine ndiyo sababu alisikia vizuri kuliko wenzake. Masikio yake hayakuwa na machozi.

Bibi alimaliza kuaga. "Kaeni vizuri wanangu," alisema, kama kila mwaka. Hapo ndipo kitufe kilipotakiwa kuruka. Hakikuruka. Utepe uliendelea kuzunguka, na mvumo wake ukajaa sebuleni, ule mvumo wa kaseti tupu unaofanana na mafuta yanayoanza kupata moto. Mume alikuwa ameinama akichagua nyimbo. Mama Kidoti akanyanyua uso.

"Kidoti," sauti ya bibi ikaita.

Mtoto alikuwa kwenye zulia na mdoli wake. Alikuwa na miaka saba, na alikuwa amewaona wakubwa wakifanya hivyo maisha yake yote. Alifurahi kwamba zamu yake imefika.

"Labeka, bibi."

"Umekua," sauti ikasema, na kitufe kikaruka.

Kidoti alizaliwa miaka mingi baada ya bibi kuzikwa. Jina lile la utani alipewa na mama yake kwa ajili ya alama nyeusi iliyo chini ya jicho. Mume alibaki ameinama, kaseti mkononi, uso umempauka. Lakini mama Kidoti hakumtazama mume, alimtazama wifi yake, yule Mpole wa kwenye kaseti. Wifi, ambaye alikuwa muuguzi na alikuja kukaa nao likizo nzima, alikuwa ameangalia chini. Hakushtuka hata kidogo. Midomo yake ilikuwa karibu kutabasamu.

"Wamenichezea," mama Kidoti aliwaza.

*

Alikuwa na sababu zake za kumshuku wifi, na sababu zenyewe hazikuwa za juzi. Wifi hakujaaliwa mtoto, na kila mwaka alitoa ombi lilelile kwa sauti ileile laini: "Nipeni Kidoti akae kwangu. Shule ya kule ni nzuri." Kila mwaka mama Kidoti alicheka na kulipotezea. Na kaseti, baada ya likizo ya mwaka uliopita, ilikwenda kukaa kwa wifi, maana ndugu wale waliitunza kwa zamu.

Asubuhi, mume akiwa amekwenda kununua mkaa na wifi akiwa bafuni, aliitoa kaseti kwenye kasha akaigeuza mgongo. Nyuma ya kila kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, na vikishavunjwa hairekodiki tena. Mume alivivunja mwenyewe siku ya msiba, asije mtu akarekodi mpira juu ya mama yake. Sasa mashimo yale yalikuwa yamezibwa kwa plasta nyeupe ya hospitali, ile ya kubandikia bandeji, iliyokatwa sawasawa na mkono uliozoea mkasi.

Ukweli ni kwamba alifurahi. Mtu akishashika ushahidi hupata nguvu. Aliirudisha kaseti, akajiambia atamngoja wifi ajikoroge mwenyewe. Alimshuku na mume pia, kwa nini asimshuku? Alimwona akimnong'oneza dadaye uani, akaona wamenyamaza alipotokea na beseni la nguo.

"Mnaongea nini?" aliuliza.

"Habari za nyumbani tu," mume alijibu.

"Hapa ni wapi kwani?"

Mume alicheka kicheko kisicho na meno. Usiku ule mama Kidoti alimgeuzia mgongo.

Lakini siku zilizofuata mambo hayakutaka kukaa ndani ya shuku yake. Kwanza ilikuwa harufu. Sebule ilianza kunuka nguo zilizokunjwa mbichi, na alipoifuata harufu ile kama fundi anavyofuata uzi uliofumuka, ilimfikisha kwenye kitambaa cha spika ya kushoto. Kisha ilikuwa muziki wenyewe. Mume alipiga nyimbo zake mchana kutwa kama kawaida ya likizo, majirani wakapita kusalimia na kutingisha mabega, lakini katika ule upenyo mdogo kati ya wimbo na wimbo, Kidoti, popote alipokuwa, hata chooni, alisema taratibu, "Labeka."

"Unamwitikia nani?" mama alimuuliza.

"Nimeitwa."

"Na nani?"

Kidoti alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini.

Kulikuwa na alasiri moja ambayo umeme ulikatika mtaa mzima, mume akachomoa waya wa redio kwenye ukuta, akaukunja na kuufunga kwa lastiki, akaenda kulala. Mama Kidoti alikuwa chumbani anapiga pindo la gauni kwa cherehani ya miguu alipomsikia mwanawe anaongea sebuleni. Alidhani anaongea na mdoli. Alisimamisha mguu asikilize, na alichokisikia kikamfanya anyanyuke bila kukata uzi, akatembea na gauni la mtu limemning'inia begani hadi mlangoni, akamwona Kidoti ameegemeza shavu kwenye kitambaa cha spika, anasema jambo dogo, ananyamaza, anasema tena, ananyamaza, kama watu wanavyoongea na simu, na katika vile vinyamazo, ambavyo mwanzoni aliviona vitupu, masikio yake yalianza kuzoea kama macho yanavyozoea giza, akasikia mvumo, ule mvumo wa utepe mtupu, na ndani ya mvumo kitu kinachopanda na kushuka kama maneno yaliyozibwa na mto, na redio ilikuwa haina umeme, na waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya meza mbele ya macho yake.

Alimnyakua mtoto. Shavu lake lilikuwa limelowa.

"Bibi anakuambia nini?" alinong'ona.

"Anauliza nitakwenda kwake lini."

"Ukamjibu nini, mwanangu?"

"Nimemwambia mpaka niage."

Mama Kidoti aliogopa kama ambavyo hajapata kuogopa tangu azaliwe. Wifi anaweza kurekodi kaseti. Wifi hawezi kurekodi kilichokuwa ndani ya spika ile.

*

Alimkuta wifi uani anaanua nguo.

"Wifi," alisema, na sauti ilimtoka ya chini kuliko alivyotaka, "plasta kwenye kaseti uliweka wewe."

Wifi hakukana. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shuka mapajani.

"Usimwambie kaka. Ataniua."

"Ulirekodi nini?"

"Sikurekodi sauti ya mama. Naapa. Nilirekodi yangu." Alianza kuikunja shuka. "Nyumba yangu kimya, wifi. Wewe hujui. Ukirudi kazini hakuna hata wa kukuuliza umekula. Nikasema niongee na mama mwishoni mwa kaseti, pale penye nafasi. Nikamwambia habari za kazini. Nikamweleza habari za Kidoti, jina lake, na alama yake. Na kila nikiuliza kitu nilinyamaza kidogo, kama alivyokuwa anafanya yeye, ili naye apate nafasi ya kujibu."

"Halafu?"

"Nilipopiga kusikiliza, sauti yangu haikuwepo." Wifi aliangalia mlango wa sebule. "Nafasi zile tu ndizo zilizokuwa na maneno. Alikuwa amejibu yote."

"Na wewe ukafurahi."

"Alikuwa mama, wifi. Ungefanya nini?"

Mama Kidoti alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wiki nzima, maneno yake ameyapanga na kuyanoa. Yote yaliyeyuka. Aliona mwanamke mpweke aliyefungua mlango kwa adabu ile ile aliyofundishwa nyumbani, na kilichoingia hakikuwa mama wa mtu.

"Simama twende kwa kaka yako," alisema.

*

Bi Mkunga, mzee waliyemwita baada ya kumweleza mume yote, alikuwa amestaafu kuzalisha, lakini kutoa majini alikuwa bado anatoa, mchana tu, kwa sababu usiku magoti yalimsumbua. Alikuja na mkoba wake, akalalamikia ngazi, akalalamikia kiti, akataka redio iongezwe sauti.

"Masikio yangu yamekufa nusu," aliwaambia. "Ndiyo maana bado niko hai. Kazi hii si ya mwenye masikio mazima."

Aliinusa spika. Aliuliza maswali machache, na mume alipofika kwenye habari ya kuitika kila mwaka, mkunga akatikisa kichwa.

"Jini hana sauti yake. Huazima. Nyinyi mmekaa miaka mnamwitikia marehemu, mkaweka na nafasi ya majibu, mtu asiye na kwao akapita akaona viti vitupu. Akakaa."

"Tuichome kaseti," mume alisema.

"Ukiichoma atakosa mahali, atamfuata aliyemwitikia kwa jina." Alimwonyesha Kidoti kwa kidevu. "Mpaka sasa yuko mlangoni tu. Leo mnamfungia. Tutapiga upande mzima, wote mkiwa hapa. Atamwita kila mmoja, na asiitike mtu. Akifika mwisho hajajibiwa, hana tena wa kumshika, mtachoma mnachotaka. Lakini atakayemwitikia leo ndiye nyumba yake. Anahitaji mmoja tu."

"Na mtoto tukimtoa?" mama Kidoti aliuliza.

"Atamwita hukohuko aliko. Nani atamziba mdomo?"

Basi wakakaa. Jua lilikuwa bado kali dirishani, na nje muziki wa sikukuu wa majirani ulikuwa unadunda. Mama Kidoti alimpakata mwanawe, kiganja juu ya mdomo wake. Mume alibonyeza kitufe, akarudi kukaa, akaitia kofia yake katikati ya meno.

"Jemadari," sauti ikaita. "Umekula, baba?"

Kimya. Kila mtu alilijua swali lile. Lakini safari hii sauti haikuendelea mbele.

"Jemadari. Siku ile nilikungoja. Nikawaambia wasinifunike uso, mwanangu yuko njiani. Mbona hukufika?"

Mume alitoa mlio kooni, machozi yakamtiririka hadi kwenye kofia, asiachie. Harufu ya nguo mbichi ilipanda. Bi Mkunga alikuwa anaangalia midomo yao, mmoja mmoja.

"Mpole. Ile sindano ya mwisho ilikuwa ya nini?"

Wifi alijishindilia mtandio mdomoni akainama hadi magotini, na sauti ikamwita tena, na tena, kwa upole uleule, kama mtu mwenye siku nzima, kisha ikanyamaza, na utepe ukazunguka, na mama Kidoti akausikia moyo wa mwanawe unapiga kwenye mkono wake kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba na haoni dirisha.

"Kidoti. Viatu vyako viko wapi? Vaa twende."

Mtoto alijinyoosha. Hakuwa na nguvu za miaka saba. Zilikuwa nguvu za mtu mzima aliyechelewa gari. Mama akambana, mtoto akageuza kichwa huku na huku, macho yametazama spika kwa furaha tele, na sauti ikaita, "Kidoti," ikaita, "Kidoti, nakuacha," na meno madogo yakazama kwenye kiganja cha mama mpaka kwenye mfupa, mkono ukaachia wenyewe kabla hajaukataza, akauona mdomo wa mwanawe unafunguka, akaiona pumzi ikiingia, akaona ulimi ukinyanyuka, na hakukuwa na muda wa kumwangalia mume wala Bi Mkunga wala mtu yeyote duniani.

"Abee, mama," mama Kidoti alisema kwa sauti kubwa.

Mtoto alilegea mikononi mwake. Chumba kizima kilitulia, hata muziki wa majirani ulikuwa kama umesogezwa mbali.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Mimi. Mke wa mwanao."

Utepe ulivuma kwa muda mrefu.

"Una sauti nzuri wewe," ikasema. Kitufe kikaruka.

Bi Mkunga alikuwa amesimama. "Nimeona midomo miwili," alisema. "Nani ametangulia?"

"Mimi," mama Kidoti akamwambia sikioni.

Mkunga alimshika mkono unaotoka damu, akauangalia, akaufunga kwa leso yake mwenyewe.

"Basi mtoto amepona."

"Na mimi?"

"Wewe utaniambia," Bi Mkunga alisema, na hakumtazama usoni.

*

Waliichoma kaseti, wakaichoma na redio. Kidoti alilala, akaamka, akaomba chakula, akawa mtoto yule yule wa kusumbua watu. Sebule haikunuka tena. Ilikuwa ni mitandio ya mama Kidoti iliyonuka nguo mbichi, hata iliyotoka juani.

Asubuhi moja mume alimwambia bila kumkaribia, "Jana uliniita Jemadari."

"Sijapata kukuita hivyo."

"Ndiyo maana nakuambia." Alikuwa anamtazama kama mama Kidoti alivyokuwa akimtazama wifi, kwa pembe ya jicho. "Ukaniuliza kama nimekula."

Kuanzia hapo alishona akiwa amebana pini midomoni kutwa nzima, kama afanyavyo fundi mwenye kazi nyingi, ila kazi hakuwa nayo. Mara moja tu alisahau. Alikuwa ameketi, cherehani imetulia, mtoto anacheza nje, na alisikia mvumo ndani ya koo lake, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kisha akasikia anamwita Kidoti. Hakuwa na haja ya kumwita. Aliufunga mdomo kwa mkono wenye leso, akakaa hivyo mpaka mtoto alipotokea mlangoni kuuliza, "Umeniita, mama?" na alishukuru kwa roho yake yote kwamba mtoto aliuliza badala ya kuitika.

Likizo ilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyefunga begi la mtoto. Wifi alilia, akasema hapana, si hivi, sikutaka hivi. Mama Kidoti alimkumbatia. Katika miaka yote hawakuwahi kukumbatiana vile.

"Muulize kila siku kama amekula," alimwambia.

Kisha akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamfunga kamba za viatu, akachagua maneno machache na kuyatoa upesi upesi, kabla hayajachukuliwa.

"Nikikuita, usiitike."

"Hata nikisikia ni wewe?"

"Hasa ukisikia ni mimi."

Mume aliwapakia garini. Mama Kidoti alibaki mlangoni na pini zake midomoni, akaliangalia gari likishuka mtaani polepole kati ya watu waliokuwa wanarudi makazini. Alikuwa anaomba lifike kona. Lilipokaribia kona, alihisi taya lake linafunguka lenyewe, pini zikadondoka moja moja sakafuni, na sauti tamu, ya mama anayempenda mwanawe, ikaita jina la Kidoti mtaa mzima ukasikia. Watu waligeuka. Kwenye kioo cha nyuma cha gari, Kidoti naye aligeuka, akamtazama, na alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.